Mkuu asiyesikia huvunja guu la nani?

Walimu wa michezo wana methali moja waipendayo kuliko zote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Humwambia mchezaji anayechelewa mazoezini, humwambia anayeng'ang'ania mpira peke yake, na humwambia pia yule anayethubutu kuuliza kwa nini. Methali hiyo ina ukweli wake, wala makala haya hayakusudii kuibatilisha. Timu isiyo na utiifu si timu bali ni kundi la watu waliovaa jezi za rangi moja. Hata hivyo, kila methali hulitazama jambo kutoka upande mmoja, na upande wa pili huachiwa methali nyingine. Ikiwa mdogo asiyesikia la mkuu huvunjika guu, je, mkuu asiyesikia la mdogo huvunja guu la nani?

Swali hili laweza kuulizwa popote penye timu, lakini nimechagua kulitafutia jibu katika kandanda ya vyuo vikuu vya Marekani. Ninazo sababu mbili. Kwanza, ni vigumu kupata taifa jingine lililofungamanisha michezo na elimu ya juu kwa kiasi hicho. Pili, mengi ya makosa ya huko yamechunguzwa hadharani, japo mara nyingine baada ya miaka mingi, na kuachwa katika ripoti na hukumu za mahakama ambazo yeyote aweza kuzisoma. Wahenga walituusia kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Walimu na wanafunzi wetu wana kila sababu ya kutia maji, kwani, kama itakavyobainika, hata lugha hii tunayoiandika imewahi kuburutwa katika kashfa za mchezo huo.

Msomaji asiichanganye kandanda hiyo na hii yetu. Mpira wake una umbo kama la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na wachezaji 11 wa kila upande huvaa kofia ngumu na makinga ya mabega kwa kuwa kugongana ni sehemu ya kazi yao. Ingawa wachezaji ni wanafunzi, fedha zinazozunguka hapo si za kitoto. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, hutoshea watu zaidi ya 107,000. Haki za kuonyesha mechi katika televisheni huuzwa kwa mabilioni ya dola. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala jaji bali ni kocha wa chuo. Nick Saban, aliyeifunza timu ya Alabama hadi alipostaafu mnamo Januari 2024, alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Penye fedha kiasi hicho, na penye vijana ambao wengi wao wana umri wa baina ya miaka 18 na 22, maadili hayawezi kuachiwa bahati.

Mtu aliyezoea kuchunguza lugha hawezi kupita hapo bila kuyasikiliza maneno. Katika vyuo hivyo, idara ya kandanda haiitwi timu tu, bali huitwa programu, na ndani ya programu hiyo mna makocha, madaktari, walimu wa ziada, wafadhili na watangazaji. Kocha anapomtembelea mzazi ili amchukue kijana, humwahidi kwamba kijana huyo anaingia katika familia. Mazoezi ya msimu wa mapumziko huitwa ya hiari, ilhali mchezaji asiyeyahudhuria hujua kwamba jina lake litakumbukwa siku ya kupanga timu. Maneno haya yote ni matamu. Lakini kila neno lina kazi yake, na kazi ya baadhi ya maneno si kulitaja jambo bali ni kulifunika.

Neno maarufu kuliko yote ni mwanafunzi-mwanamichezo. Historia yake yafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa isimu. Mnamo mwaka 1955, Ray Dennison, mchezaji wa chuo cha Fort Lewis A&M katika jimbo la Colorado, aliumia kichwani katika mechi na kufariki. Mjane wake alidai fidia, kama wafanyavyo jamaa za mfanyakazi anayefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ilikataa dai hilo. Ilishikilia kwamba chuo hakikuwa katika biashara ya kandanda, na kwa hiyo marehemu hakuwa mfanyakazi wake. Ni katika miaka hiyo ambapo NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo nchini humo, lilitunga jina la mwanafunzi-mwanamichezo na kulieneza lishike mahali pa neno mchezaji. Walter Byers, aliyeliongoza shirika hilo tangu 1951 hadi 1987, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 kwamba jina hilo lilibuniwa kwa hofu kuwa wachezaji wangehesabiwa na sheria kuwa wafanyakazi.

Maneno mengi huzaliwa vinywani mwa watu wanaohitaji kutaja kitu kilichopo. Neno hili lilizaliwa ofisini, na lilizaliwa ili kitu kilichopo kisitajwe. Ubora wake kwa waliolitunga ulikuwa kwamba lilikata kuwili. Mchezaji aliyedai fidia aliweza kuambiwa kuwa yeye ni mwanafunzi. Mchezaji yule yule, alipoomba ahudhurie somo la maabara lililogongana na mazoezi, aliweza kukumbushwa kuwa yeye ni mwanamichezo. Kila alipogeuka, nusu moja ya jina lake ilikuwa ikimsubiri.

Kisha likaja jambo lililouongeza uzito wa mkono wa kocha. Mwaka 1973 NCAA iliamua kwamba ufadhili wa masomo kwa wachezaji usitolewe tena kwa miaka minne, bali uwe wa mwaka mmoja mmoja unaoweza kufanywa upya au kuachwa. Ruhusa ya kutoa ufadhili wa miaka mingi haikurudi hadi mwaka 2012. Kwa karibu miaka 40, basi, kijana aliyetoka katika nyumba maskini alijua kwamba karo yake, chumba chake na chakula chake vilitegemea mtu mmoja kupendezwa naye. Msomaji na ajiulize: kijana wa namna hiyo atasema nini akiona jambo baya? Atanyamaza. Atanyamaza si kwa kuwa hana maadili, bali kwa kuwa maadili yamewekewa bei asiyoweza kuilipa.

Hebu sasa tuitazame ile nusu ya jina isemayo mwanafunzi, tuone ilithaminiwa vipi. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill ni miongoni mwa vyuo vya umma vikongwe na vyenye heshima kubwa nchini humo. Mnamo Oktoba 2014 ilitolewa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na wakili Kenneth Wainstein. Ripoti ilionyesha kwamba kati ya 1993 na 2011, zaidi ya wanafunzi 3,100 walisajiliwa katika masomo ambayo hayakuwa na mhadhara wala mhadhiri. Mwanafunzi alitakiwa kuwasilisha karatasi moja tu mwishoni mwa muhula, na karatasi nyingi zilisahihishwa na mfanyakazi wa ofisi ya idara ambaye hakuwa mwalimu. Alama zilikuwa za juu. Karibu nusu ya waliosajiliwa walikuwa wanamichezo, na wachezaji wa kandanda walikuwa wengi miongoni mwao.

Idara iliyohusika ilikuwa ile ya masomo ya Afrika na ya Wamarekani wenye asili ya Afrika. Hapa ndipo sisi tunapoguswa moja kwa moja. Miongoni mwa masomo hayo hewa yalikuwemo ya Kiswahili. Ripoti ilieleza kwamba wako wanafunzi waliotimiza sharti la chuo la kujua lugha ya kigeni kwa kuandika insha kuhusu utamaduni wa Waswahili, na insha hiyo ikaandikwa kwa Kiingereza. Lugha iliyotumiwa na washairi wa Lamu na Mombasa kwa karne kadhaa, lugha ambayo wahadhiri wetu walipigania ipewe hadhi katika vyuo vya ng'ambo, iligeuzwa kuwa kichochoro cha kupitishia wachezaji wasikose mechi ya Jumamosi. Kijana aliondoka na alama nzuri katika Kiswahili bila ya kuhitaji kuunda sentensi moja yenye upatanisho wa ngeli. Aliyeibiwa hapo ni nani? Kiswahili hakikupungukiwa na kitu. Aliyepungukiwa ni kijana huyo, aliyeahidiwa elimu kuwa ndiyo malipo ya jasho lake, kisha akalipwa karatasi tupu.

Mfanyakazi huyo alipostaafu mwaka 2009, baadhi ya washauri wa masomo waliokuwa wakiwahudumia wachezaji waliwatahadharisha makocha wa kandanda kwamba neema hiyo imekwisha. Waliwakumbusha kuwa katika masomo hayo wachezaji hawakuwa wakienda darasani, hawakuwa wakiandika chochote, wala hawakulazimika kukaa macho. Hayo yalielezwa katika mkutano rasmi, mbele ya watu wazima, kana kwamba ni taarifa ya kuharibika kwa basi la timu. Kinaya kikubwa zaidi kilikuja mnamo Oktoba 2017, NCAA ilipotangaza kwamba haiwezi kuhitimisha kuwa kanuni zake zilivunjwa, maadamu masomo hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote na si kwa wanamichezo pekee. Uovu uliogawiwa wengi ukahesabiwa si uovu.

Ni kweli kwamba wachezaji wengi walinyamaza. Lakini wako waliosema, na historia yao inatufunza gharama ya kusema. Mnamo Oktoba 1969, wachezaji 14 weusi wa Chuo Kikuu cha Wyoming walimwendea kocha wao, Lloyd Eaton, siku moja kabla ya kucheza na Chuo Kikuu cha Brigham Young, chuo cha kanisa la Mormoni. Walitaka kuzungumza naye kuhusu kuvaa vitambaa vyeusi mikononi, kwa kuwa wakati huo kanisa hilo halikuwapa wanaume weusi daraja la ukuhani. Msimamo huo ulibadilishwa mwaka 1978. Walikwenda kuuliza. Kocha hakungoja swali limalizike. Aliwafukuza wote 14 katika timu papo hapo, kwa hoja kwamba alikwisha kuwapiga marufuku wachezaji wake kushiriki maandamano.

Timu hiyo ilikuwa haijashindwa hata mechi moja msimu ule. Ilishinda mechi mbili zilizofuata bila ya vijana hao, kisha ikashindwa katika nne za mwisho, na mwaka 1970 ikashinda mechi moja tu kati ya kumi. Eaton akaacha ukocha wa chuo hicho. Wachezaji walikwenda mahakamani na hawakupata haki waliyoitafuta. Mwaka 2019, miaka 50 baada ya tukio hilo, chuo kikuu kiliwaomba radhi rasmi. Tukirudi kwenye swali letu, basi, hapa mkuu asiyesikia aliwavunja wadogo wake mguu, akaivunja na timu yake pamoja nao.

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni ya zamani, enzi za ubaguzi wa waziwazi. Basi na tutazame mwaka 2018. Tarehe 29 Mei mwaka huo, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Maryland, alikuwa katika mazoezi ya kukimbia mbio fupi za yadi 110, mara kumi. Mwili wake ulizidiwa na joto. Tiba ya hali hiyo inajulikana: mgonjwa hutumbukizwa upesi katika maji baridi, na akiwahiwa huwa na nafasi kubwa sana ya kupona. Hilo halikufanywa. Alipelekwa hospitalini akiwa amechelewa, na akafariki tarehe 13 Juni. Miezi miwili baadaye, rais wa chuo, Wallace Loh, alikiri mbele ya umma kwamba chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili.

Tume iliundwa kuchunguza hali ya programu hiyo. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba utamaduni wa timu ile ulikuwa wa sumu. Ripoti ya tume, iliyotolewa mnamo Oktoba 2018, ililikataa neno sumu. Ilichokisema badala yake ni kwamba palikuwa na utamaduni ambamo matatizo yaliachwa yakaoza, kwa sababu wachezaji wengi waliogopa kusema. Wanaisimu tuna mazoea ya kupima uzito wa maneno, na kwa kipimo changu, maelezo hayo ni mazito kuliko neno lililokataliwa. Sumu huweza kutiwa na mtu mmoja mbaya. Hofu ya kusema hujengwa na wengi, kidogo kidogo, kila siku mchezaji anayetamka kuwa amechoka anapochekwa, na kila siku msaidizi wa kocha anapoona jambo na kuangalia kando. Bodi inayosimamia vyuo vya umma vya jimbo hilo ilipendekeza kocha DJ Durkin abaki kazini. Wanafunzi na umma walipaaza sauti, na siku iliyofuata, tarehe 31 Oktoba, akaachishwa kazi.

McNair hakuwa mtovu wa nidhamu. Alikimbia kama alivyoagizwa. Methali ya wapenda utiifu ingemwahidi mguu mzima.

Najua hoja itakayotolewa dhidi ya maelezo haya, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Kuna watakaosema kwamba timu si bunge, kwamba kocha hawezi kupigisha kura kila anapotaka vijana wakimbie, na kwamba mchezo wa kugongana hauchezwi na watu walaini. Watasema vilevile kwamba kandanda imewapatia maelfu ya vijana shahada ambazo wasingeziota, na marafiki wa kufa na kuzikana. Yote hayo ni kweli. Lakini wanaosema hivyo huchanganya mambo mawili: amri na masikio. Hakuna anayemtaka kocha aache kuamuru. Anachotakiwa ni kuamuru huku masikio yake yako wazi. Nahodha wa jahazi huamuru tanga lipandishwe, na hakuna baharia anayempinga. Lakini baharia akipiga kelele kwamba maji yanaingia, nahodha asiyegeuka kutazama si mkali, ni mjinga.

Wahenga wetu walikwisha kuliona hilo, na methali niliyosema kuwa imeachiwa upande wa pili ni hii: mkubwa ni jalala. Maana yake ni kwamba ukubwa ni kukubali kutupiwa taka za watu wote, yaani malalamiko, lawama, maswali ya kipumbavu na habari mbaya. Jalala likikataa taka, taka hazitoweki; hubaki nyumbani zikaoza. Ndivyo ilivyokuwa Maryland, kwa maneno ya ripoti yenyewe.

Upo mfano wa timu iliyofanya vingine. Mnamo Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Missouri kilikuwa katika mgogoro kuhusu ubaguzi wa rangi, na mwanafunzi mmoja alikuwa amegoma kula. Wachezaji weusi wapatao 30 wa timu ya kandanda walitangaza kwamba hawatafanya mazoezi wala kucheza hadi Tim Wolfe, rais wa vyuo vikuu vya jimbo hilo, ajiuzulu. Mechi iliyokuwa mbele yao ilikuwa dhidi ya Brigham Young, chuo kile kile cha mwaka 1969, na kuifuta kungekigharimu chuo chao zaidi ya dola milioni moja. Kocha wao, Gary Pinkel, angeweza kufuata nyayo za Eaton. Badala yake alitoa picha ya timu nzima, weusi kwa weupe, wakiwa pamoja na makocha, akatangaza kwamba anasimama na wachezaji wake. Wolfe alijiuzulu tarehe 9 Novemba. Timu ikarudi uwanjani mwisho wa juma na kushinda.

Si lazima msomaji akubaliane na madai ya wanafunzi wale ili aione tofauti. Wyoming, neno familia lilikoma pale mtoto alipofungua kinywa. Missouri, neno hilo lilipata maana pale pale. Wala tusidhani kwamba wakubwa wote walifurahi. Mwezi uliofuata, mswada uliwasilishwa katika bunge la jimbo hilo wa kumnyang'anya ufadhili mchezaji yeyote atakayegoma. Uliondolewa baada ya muda mfupi, lakini ulikuwa umekwisha kutuonyesha ni silaha gani mkuu asiyetaka kusikia huikimbilia kwanza.

Tangu hapo mengi yamebadilika, hasa upande wa fedha. Mnamo Juni 2021, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani walikubaliana kwamba NCAA ilivunja sheria ya ushindani kwa kuwawekea wachezaji mipaka katika manufaa ya kielimu. Kuanzia Julai mwaka huo, wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya majina na sura zao katika matangazo. Tarehe 6 Juni, 2025, mahakama iliidhinisha maafikiano ya kuwalipa wanamichezo wa miaka iliyopita takriban dola bilioni 2.8, na kuviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, kiwango cha juu kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Ile hadithi ya kwamba chuo hakimo katika biashara ya kandanda, iliyomnyima haki mjane wa Dennison, sasa ni vigumu kuisimulia bila ya msikilizaji kucheka.

Je, fedha zitaponya ugonjwa tuliouzungumzia? Sioni hivyo. Ni haki mtu alipwe jasho lake, na mwenye akiba mfukoni haogopi kama mwenye njaa. Lakini mshahara haumfundishi mkuu kusikia. Mfanyakazi anayelipwa vizuri anaweza kunyamazishwa vilevile, pengine zaidi, kwa kuwa ana kingi cha kupoteza.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Vijana wetu wamekuwa wakienda katika vyuo hivyo kwa ufadhili wa michezo tangu zamani, hasa wanariadha. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1978, alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Wanaomfuata leo, wawe wakimbiaji au wacheza mpira wa vikapu, huingia chini ya mfumo ule ule uliojengwa kwa kandanda na kulishwa na fedha zake. Isitoshe, wao ni wageni. Masharti ya viza huwabana wasiweze kujipatia kipato kwa urahisi kama wenzao, na kupoteza ufadhili kwao kwaweza kumaanisha kupanda ndege ya kurudi.

Mwanafunzi anayepokea barua ya chuo cha ng'ambo, na mwalimu anayemsaidia kuisoma, wasiishie kutazama jina la chuo na picha za uwanja. Wayatafute majibu ya maswali matatu. La kwanza: mchezaji akisema kuwa mwili wake umezidiwa, ni nani mwenye neno la mwisho, daktari au kocha? La pili: mwalimu wa darasani akimpa mchezaji nyota alama anayostahili, nayo ikawa mbaya, ni nani atakayesimama na mwalimu huyo? La tatu: mtu wa mwisho aliyefichua uovu katika programu hiyo yuko wapi sasa?

Swali hilo la tatu ndilo gumu zaidi, na North Carolina inatupa mfano. Mary Willingham, aliyeajiriwa huko kuwasaidia wanamichezo katika kusoma na kuandika, ni mmoja wa waliojitokeza kuieleza dunia kuhusu masomo hewa. Alizozana na wakuu wake hadi akaacha kazi mwaka 2014, na mwaka 2015 chuo kikakubali kumlipa dola 335,000 ili kesi aliyoifungua iishe. Wachezaji wangapi waliona yaliyompata wakajifunza kunyamaza, hakuna ripoti inayoweza kuhesabu.

Maswali hayo matatu hayahitaji kuvuka bahari. Kila shule yenye timu, na kila mwalimu mwenye filimbi shingoni, anaweza kujiuliza. Alama anayopewa mchezaji bila kuifanyia kazi ni wizi anaofanyiwa yeye mwenyewe, hata akishangilia anapoipokea. Na mtoto anayeinua mkono mazoezini kusema kwamba hawezi tena asidhaniwe kwanza kuwa mvivu. Asikilizwe, atazamwe, apewe maji na kivuli. Uvivu ukibainika, muda wa kumkemea utakuwepo, kwa kuwa yeye mwenyewe atakuwa bado yupo.